Besi bila ampli: Namna mpiga besi wa Goma anavyoweza kuchagua na kupanga pedali ya dijitali isiyomwangusha

Mpiga besi anayetoka Birere kwenda kupiga kwenye ibada Ndosho kwa pikipiki hawezi kubeba ampli. Gitaa liko mgongoni, miguu inajihadhari na mawe meusi ya volkano, na mkono mmoja umeshika begi. Akifika, anachokikuta mara nyingi ni mikisa, spika mbili za kusimama na jenereta inayonguruma nje ya dirisha. Besi itachomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, igawane spika na mhubiri, waimbaji, kinanda na gitaa la solo.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Besi iliyochomekwa namna hiyo hutoka nyembamba, au huvuma bila noti kutambulika. Fundi mitambo akiipandisha, spika zinakoroma. Akiishusha, haisikiki tena. Baada ya nyimbo mbili kiongozi wa kwaya anageuka kumtazama mpiga besi, ingawa vidole vyake havijakosea hata noti moja.

Kwa kijana anayeishi kwa gitaa, kutazamwa hivyo kuna gharama. Anayesikika vibaya haitwi kwenye harusi ya Jumamosi ijayo, hata kama kosa ni la vyombo. Ndiyo maana wapiga besi wengi wameanza kutafuta kisanduku kidogo cha dijitali ambacho wengi hukiita pedali tu: prosesa ya efekti, mashine moja yenye kompresa, ekwalaiza, tyuna, sauti za ampli mbalimbali, korasi, oktava na mwangwi ndani yake.

Swali ni ipi ya kununua, na jinsi ya kuipanga ili isaidie badala ya kuharibu.

Mji usio na nafasi ya kukosea

Kununua chombo cha muziki Goma si jambo dogo. Waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme na maji vilikatika, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango. Dola taslimu zikawa adimu. Watu wengi wakategemea pesa za simu, na wengine wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta huduma za benki.

Katika hali hiyo, dola 100 si pesa ya kujaribia. Mpiga besi akinunua mashine isiyomfaa, hakuna duka la kuirudishia kwa urahisi, na mzigo ulioagizwa kutoka mbali hupita njia ndefu kabla ya kufika.

Kuna sababu nyingine inayokipa kifaa kidogo thamani hapa. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Mei 2021 volkano ililipuka tena na maelfu kwa maelfu ya watu wakahama. Ampli kubwa haibebeki siku ya kukimbia. Pedali yenye uzito wa chini ya kilo moja huingia kwenye begi pamoja na nguo.

Wakati huohuo, muziki haujawahi kuwa jambo la pembeni Goma. Festival Amani, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014, iliwakusanya maelfu ya watu kusikiliza wanamuziki wa mji huu na wageni. Rumba ya Kongo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO Desemba 2021. Na ndani ya rumba, besi ina heshima yake. Wapiga besi kama Decca Mpudi wa TPOK Jazz, na Ngouma Lokito wa kizazi cha soukous kilichokulia Paris, walionyesha kwamba besi ya Kongo si ya kushikilia mpigo peke yake. Inaongea na magitaa, inaruka, inaacha pengo, kisha inarudi.

Besi ya namna hiyo ikizama kwenye spika mbovu, wimbo mzima hupoteza miguu.

Kwanza, kujua tatizo ni nini

Kabla ya kutoa pesa, inafaa kuelewa kwa nini besi inasumbua kuliko gitaa la solo.

Waya mnene wa E kwenye besi ya nyaya nne hutetema mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Kwenye besi ya nyaya tano, waya wa B hushuka hadi hezi 31 hivi. Spika nyingi za makanisa na kumbi ndogo, zenye koni ya inchi 10 au 12, hudhoofika sana kabla ya kufika huko chini. Zikilazimishwa, koni inasogea mbele na nyuma kwa nguvu bila kutoa noti, na mwishoni huungua au kuchanika.

Lakini sikio la binadamu lina msaada wake. Noti ya hezi 41 haiji peke yake. Inakuja na sauti zake za juu, za hezi 82, 123 na kuendelea. Sikio likizisikia hizo vizuri, hujaza lenyewe sauti ya chini inayokosekana. Kwa hiyo mpiga besi asiye na spika kubwa hapaswi kuongeza uzito wa chini kabisa. Anapaswa kuutoa, na kuitia nguvu sehemu inayofuata juu yake.

Tatizo la pili ni nguvu isiyolingana. Noti moja hupigwa kwa nguvu, nyingine kwa upole, na waya mmoja huvuma kuliko mwenzake. Ampli kubwa ya besi husamehe tofauti hiyo kwa kiasi. Mikisa haisamehi.

Tatizo la tatu ni umeme, na hilo lina sehemu yake hapa chini.

Prosesa nzuri kwa mpiga besi wa Goma, basi, ni ile inayotatua mambo hayo matatu kwanza. Idadi ya efekti kwenye boksi, hata zikiwa 60 au 100, ni habari ya pili.

Madaraja matatu ya bei

Daraja la chini lina mashine ndogo zinazouzwa, zikiwa mpya huko Ulaya na Marekani, kwa takriban dola 100. Inayojulikana zaidi ni Zoom B1 Four ya kampuni ya Zoom ya Japani, pamoja na ndugu yake B1X Four yenye kanyagio la mguu la kupandisha na kushusha sauti. Huendesha efekti tano kwa wakati mmoja, ina tyuna, ina midundo 68 ya kufanyia mazoezi, na inaweza kurekodi kipande cha sekunde 30 na kukirudiarudia. Inatumia betri nne ndogo za AA, adapta, au umeme wa USB.

Hicho cha mwisho ndicho kinachoipa nafasi Goma. Pawabenki ya simu inaweza kuiendesha mashine hiyo umeme ukikatika katikati ya wimbo.

Daraja la kati lina mashine kama Boss GT-1B, pia ya Japani, ambayo bei yake mpya huzidi dola 200. Nayo inakubali betri nne za AA. Ina kanyagio la mguu na imejengwa kwa ajili ya besi tangu mwanzo. Anayepiga harusi kila wiki anaweza kuona faida yake, kwa sababu vitufe vyake vya mguu ni rahisi kukanyaga gizani.

Daraja la juu lina mashine kama Line 6 HX Stomp, iliyotoka mwaka 2018. Sauti yake inasifiwa na wapiga besi wa studio duniani, lakini bei yake huzidi dola 500 na haitumii betri. Inahitaji adapta ya volti 9 inayotoa ampea 3, kiasi ambacho adapta ya kawaida ya pedali haikifikii. Mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa, mashine ya dola 500 inaweza kunyamaza wakati ile ya dola 100 inaendelea kupiga.

Pia kuna mashine za China za chapa kama Mooer, NUX na Valeton, ambazo nyingi ni za bei nafuu. Kwa hizo, jambo la kuangalia ni kama zina sauti za besi zilizotengenezwa kwa besi. Mashine ya gitaa la kawaida inaweza kutumika, lakini baadhi ya efekti zake, hasa zile za kukwaruza sauti, hukata sauti ya chini kabisa na kuiacha besi ikilia kama gitaa la rithimu.

Kwa mtu anayenunua mara ya kwanza, na asiye na uhakika wa umeme, daraja la chini linatosha. Pesa inayobaki inaweza kununua waya mzuri wa jeki na kisanduku cha DI, vitu viwili vinavyobadilisha sauti kuliko efekti 50 za ziada.

Kununua cha mkononi

Vyombo vingi vya muziki hubadilisha mikono kabla ya kumfikia kijana wa Katoyi au Majengo. Kununua kilichotumika si kosa, mradi mnunuzi asikubali kukijaribu kwa kuangalia taa tu.

Anayekwenda kukagua aende na gitaa lake mwenyewe, waya wake, betri mpya nne na hedifoni. Akifika, afanye haya kwa utaratibu:

Afungue sehemu ya betri. Kutu ya kijani au unga mweupe unaonyesha kwamba betri zilivuja humo, na huenda mashine ikazima siku ya tukio.

Achomeke waya kwenye tundu la kuingizia, kisha autikise polepole huku noti inalia. Sauti ikikatika na kurudi, tundu limelegea.

Akanyage kila kitufe cha mguu mara kumi. Kitufe kinachoshindwa mara moja kati ya kumi kitashindwa mbele ya bwana harusi.

Azungushe kila nobu. Mkwaruzo mdogo kwenye nobu ya kawaida unaweza kuwa vumbi na kusafishika. Nobu ya dijitali inayoruka namba, mfano kutoka 20 hadi 35 bila kupita katikati, imechoka.

Asome kioo chote. Mistari iliyopotea huanza mmoja, kisha huongezeka.

Mwisho, aombe adapta ya awali na asome maandishi yake. Kama muuzaji hana, bei ishuke, kwa sababu hapo kuna hatari inayoua mashine nyingi.

Anayenunua ng'ambo ya mpaka aombe risiti na aulize mapema ushuru wa kuingiza kifaa. Na mwanamuziki anayevuka na chombo chake kwenda kupiga Gisenyi na kurudi anajisaidia akibeba risiti hiyo, ili kisichukuliwe kuwa bidhaa mpya.

Adapta: kosa la sekunde moja

Pedali nyingi za efekti, zikiwamo za Zoom na Boss, hutumia volti 9 huku katikati ya pini kukiwa hasi. Alama yake ni kiduara kidogo katikati chenye ishara ya kutoa. Adapta nyingi za vifaa vya nyumbani, kama ruta za intaneti, zina volti 12 na katikati chanya. Kwa macho, pini zinafanana. Zinaingia vizuri kabisa.

Mtu akichomeka adapta ya ruta kwenye pedali, anaweza kuiua papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka adapta yoyote anasoma vitu vitatu: volti ziwe 9, katikati iwe hasi, na miliampea ziwe sawa na zile zinazotakiwa na mashine au zaidi. Miliampea nyingi haziharibu kitu. Mashine huchukua inazohitaji. Zikiwa chache, mashine hujizima na kujiwasha au hutoa kelele.

Njia salama ni kufunga utepe wa rangi kwenye adapta ya pedali na nyingine ya rangi hiyohiyo kwenye pedali yenyewe, ili hata rafiki anayesaidia kufunga vyombo gizani asikosee.

Jenereta ina tabia yake. Inapowashwa au inapopokezana na umeme wa mjini, volti huruka. Ni busara kusubiri dakika chache jenereta itulie kabla ya kuchomeka, na kuichomoa mashine kabla ya kuhama kutoka chanzo kimoja hadi kingine. Anayetumia betri au pawabenki amejiepusha na mambo hayo yote mawili. Betri za kuchajiwa zinafaa na huokoa pesa, ila kila moja hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, baadhi ya mashine huwa na sehemu ya menyu ya kueleza aina ya betri, na ikiwekwa sawa, kipimo cha chaji husema kweli.

Mvumo usiotaka kuondoka

Umeme wa Kongo hutetema hezi 50. Mvumo unaosikika kwenye spika wakati waya au muunganisho ni mbovu una asili hapo. Kwa bahati mbaya, hezi 50 iko kati ya noti ya G, yenye hezi 49, na G kali, yenye hezi 52, kwenye waya wa E. Yaani mvumo umekaa katikati ya makazi ya besi.

Kwa sababu hiyo hauwezi kukatwa kwa ekwalaiza bila kukata besi pia. Geti ya kuzuia kelele nayo husaidia tu wakati mpiga besi amenyamaza. Akipiga, mvumo unarudi pamoja na noti.

Dawa iko nje ya pedali. Kwanza, mikisa na vyombo vyote vichomekwe kwenye mkeka mmoja wa soketi, si kila kimoja kwenye ukuta wake. Pili, waya wa jeki uwe mfupi kadiri inavyowezekana kutoka kwenye pedali, kisha kisanduku cha DI kiupeleke mlio kwenye mikisa kwa waya wa XLR, ambao huvumilia umbali mrefu bila kuokota kelele. Visanduku vingi vya DI vina kitufe kidogo cha kutenganisha adhi. Mara nyingi kukibonyeza hicho kunamaliza mvumo.

Kinachokatazwa ni kukata pini ya adhi kwenye plagi ya umeme ili kelele iishe. Kelele inaweza kuisha kweli, lakini mtu anayeshika nyaya za gitaa huku mdomo ukigusa maikrofoni anaweza kupigwa na umeme. Hakuna sauti nzuri yenye thamani hiyo.

Kupanga sauti ya kwanza

Mashine ikiwashwa mara ya kwanza, huwa na sauti za kiwandani zilizojaa mwangwi na mikwaruzo ya kuvutia dukani. Kwa kazi ya kawaida, nyingi hazifai. Ni afadhali kuanza na ukurasa mtupu na kuweka vitu vitatu tu: kompresa, sauti ya ampli, ekwalaiza. Kwa mpangilio huohuo.

Kabla ya hapo, gitaa litunishwe kwa tyuna ya mashine. Kisha nguvu ya kuingia ipimwe: mpiga besi apige noti yake kali kuliko zote, ile ya kilele cha sebene, aangalie kipimo. Kikigusa nyekundu, apunguze. Besi zenye betri ndani huwa na mlio mkubwa kuliko zisizo na betri, kwa hiyo kipimo cha rafiki si chake.

Kompresa. Kazi yake ni kubana noti kali ili zilingane na za upole. Uwiano wa 4 kwa 1 ni mahali pazuri pa kuanzia: mlio ukivuka kizingiti kwa desibeli 4, kompresa huachia 1 tu. Muda wa kuanza kubana uwe milisekunde 20 hadi 30 hivi, ili mguso wa kidole upite kwanza kabla ya kubanwa. Ukiwekwa mfupi mno, besi inapoteza ncha na inasikika kama imefunikwa blanketi. Muda wa kuachia uwe karibu milisekunde 100, ili kompresa iwe imepumua kabla ya noti inayofuata. Kwenye mashine ndogo, mambo haya huunganishwa kwenye nobu moja au mbili. Hapo sikio ndilo kipimo: izungushwe hadi ubanaji usikike wazi, kisha irudishwe nyuma kidogo.

Sauti ya ampli. Mashine huiga ampli na kabati lake la spika. Kanuni ni rahisi. Kama besi inakwenda kwenye mikisa, kabati liwashwe. Kama ukumbi una ampli halisi ya besi, kabati la dijitali lizimwe, kwa sababu kupitisha sauti kwenye kabati mbili huifanya iwe ya kisanduku.

Ekwalaiza. Kila kilicho chini ya hezi 35 hadi 40 kikatwe, kwa sababu spika za ukumbi haziwezi kukitoa na kinakula nguvu bure. Mwili wa besi uko kati ya hezi 80 na 100. Pakiongezwa, iwe kidogo. Ukungu na mvurugano na kinanda viko kwenye hezi 200 hadi 300, hapo apunguze. Utambulisho wa noti, ule unaomfanya mtu wa nyuma kabisa ajue besi imepiga nini, uko karibu hezi 700 hadi 1,000. Hapo ndipo pa kuongeza. Akisikiliza peke yake, mpiga besi ataona sauti hiyo ni kavu na haina uzuri. Bendi ikiingia, itakaa mahali pake.

Baada ya hapo ndipo vikolezo huongezwa: korasi kidogo kwa nyimbo za kuabudu, oktava kwa kipande kimoja cha kushtukiza, ukwaruzaji uliochanganywa na sauti safi ili uzito usipotee. Mwangwi ni wa kutumia kwa nadra. Makanisa mengi yana kuta tupu na paa la mabati; mwangwi wao wenyewe unatosha.

Kosa la chumbani

Kuna mtego unaowapata hata wazoefu. Mtu anapanga sauti usiku kwa hedifoni, kwa sauti ndogo ili asiwaamshe majirani. Inamfurahisha. Jumapili inakuwa tope.

Sababu inajulikana tangu watafiti Fletcher na Munson wa Marekani walipoieleza mwaka 1933: sikio husikia besi vibaya sauti ikiwa ndogo. Usiku mtu huongeza uzito wa chini ili afidie. Sauti ikipandishwa ukumbini, sikio linaanza kuusikia uzito wote, na nyongeza ile inakuwa mzigo.

Kwa hiyo mipango ya usiku ihesabiwe kuwa rasimu. Uamuzi ufanyike wakati wa kujaribu vyombo, kwa sauti ya kazi, dram ikipigwa. Ngoma ya mguu na besi hukaa jirani. Kama zote mbili zinang'ang'ania hezi 60, mojawapo isogee. Ni jambo la mpiga besi na fundi mitambo kuelewana kwa dakika tano, na dakika hizo tano mara nyingi huamua kama fundi atakuwa upande wake usiku kucha.

Sauti tatu zinatosha

Mashine inaweza kuhifadhi sauti nyingi, lakini kwenye giza la harusi mguu haukumbuki zaidi ya tatu.

Ya kwanza iwe ya nyimbo za taratibu, za rumba na za kuabudu: mviringo, noti ndefu, kompresa ya wastani.

Ya pili iwe ya sebene: kavu, bila korasi, na nguvu ya kati ikiwa juu kidogo. Kwenye sebene noti ni fupi na za kuruka, na ukimya kati yake ni sehemu ya mpigo. Korasi au mwangwi ukijaza ukimya huo, watu wanaocheza wanapoteza mahali pa kuweka mguu.

Ya tatu iwe ya nafasi ya peke yake, pale bendi inaposhuka na besi inabaki na dram. Iwe na kikolezo kimoja.

Zote tatu zilinganishwe kwa ukubwa wa sauti. Hili husahauliwa mno. Apige mstari uleule, abadilishe kutoka sauti moja hadi nyingine, na arekebishe hadi pasiwe na inayoruka. Ile ya nafasi ya peke yake inaweza kuzidi kidogo. Kisha zihifadhiwe sambamba, ili kanyago moja la mguu litoshe kuvuka kutoka wimbo wa taratibu kwenda sebene.

Namba zote ziandikwe kwenye daftari, au zipigwe picha kwa simu. Mashine ikifutika, ikiibiwa au ikibaki nyuma siku ya kukimbia, sauti haijapotea. Inaweza kujengwa upya kwenye mashine nyingine ya aina hiyo kwa nusu saa.

Vumbi, mvua na mazoezi

Vumbi la Goma ni jeusi na lina makali ya mwamba. Linaingia kwenye matundu ya jeki na chini ya nobu. Mfuko wa kitambaa kizito, kifuniko kidogo kwenye matundu na brashi laini ya rangi kila wiki huongeza maisha ya mashine. Wakati wa mvua, mfuko wa plastiki ndani ya begi ni bima ya bei rahisi. Kwenye pikipiki pedali ikae kifuani, isining'inie kwenye usukani.

Na kuna matumizi ambayo wengi huyagundua baadaye. Bendi inaposhindwa kukutana kwa sababu ya usalama, usafiri au pesa, midundo iliyomo kwenye mashine huwa dram ya mazoezi. Kijana anaweza kurekodi mstari wa besi wa sekunde chache, akauacha ujirudie, na kujibizana nao kwa hedifoni hadi usiku wa manane bila jirani kujua. Saa hizo za kimya ndizo zinazorudi kusikika ukumbini.

Jumapili nyingine ikifika, mikisa itakuwa ileile, spika zilezile na jenereta ileile nje ya dirisha. Mpiga besi atachomeka waya mmoja kwenye pedali, mwingine kwenye kisanduku cha DI, ataangalia betri, atapiga noti yake kali mara moja na kumpa fundi mitambo ishara. Wimbo wa pili ukiingia kwenye sebene, atakanyaga mara moja tu. Kama kazi ya kupanga ilifanywa vizuri, kiongozi wa kwaya hatageuka kumtazama.